Faili Namba Kumi na Nne

Simu ililetwa Kadutu siku ya mvua,
kioo kimepasuka kama yai la kanga,
na aliyeileta, kijana wa Bagira mwenye haraka,
aliniambia: ikipona, sawa; isipopona, chomoa vyuma.
Hakurudi.
Miezi mitatu ilikaa kwenye kopo la maziwa
pamoja na betri zilizovimba na skrubu zisizo na wenyewe.

Jioni moja SNEL wakakata umeme, kama desturi yao.
Nilikuwa na tochi ya kichwani
na mteja wa Nguba anayedai kadi ya kumbukumbu.
Nikaichomoa ile, niijaribu.
Picha hakuna. Majina hakuna.
Sauti tu, na iliyokubali kufunguka ni moja:
faili namba kumi na nne.

Kwanza mabati yanapigwa na mvua.
Kifuniko cha sufuria. Mtu anakohoa.
Halafu lulanga,
ubao uliochimbwa kama hori la ndama,
uzi mmoja unaokwenda na kurudi mara nane,
ule ambao babu yangu aliuza Kabare
ili baba asome.

Na mwanamke.
Sauti yake si nzuri, nisiwadanganye.
Ina mchanga, kama sombe iliyooshwa kwa haraka,
lakini ukishaanza kutafuna huachi.
Kibwagizo kwa Kimashi (changu ni cha kuhesabia bei tu),
beti kwa Kiswahili chetu cha huku:
jirani aliazima jembe, akahama nalo,
na kila asubuhi shamba linauliza.
Hakuna mapenzi humo. Hakuna Mungu hata.
Jembe.
Beti ya tatu inapanda, lulanga linapungua,
*siku litakaporudi, nitali*

Kimya. Imekatika hapo.

Nitali nini, mama?
Nitalima? Nitalia? Nitalipa?
Nitalizika, nitalificha chini ya kitanda?
Nilikwenda na silabi hizo kazini, nikarudi nazo.
Nilichoma kidole kwa risasi ya moto nikizifikiria.
Mke wangu, Mwamini, akasema:
huyo mwanamke ana nini ambacho mimi sina?
Nikamwekea asikilize.
Akasikiliza mara mbili, mikono ndani ya unga,
akasema: nitalipiga teke.

Basi nikaiweka kwenye spika, mlangoni.
Wapita njia walipita.
Siku ya tano muuza sambaza akatua beseni:
Ee! Huyo si Nsimire M'Cirhuza?
Anashona sare za shule, Panzi, mteremkoni,
nyumba yenye mlango wa kijani usiofunga.

Nilikwenda Jumamosi. Mlango kweli haukufunga.
Cherehani ya miguu, rundo la bluu na nyeupe,
na lulanga juu ya meza,
tumbo limejaa vifungo.
Nikampa simu. Akaigeuza. Ya mdogo wangu, akasema,
anapoteza kila kitu huyo, hata viatu.
Nikaibonyeza.
Alijisikia kwa uso wa mtu
anayeonyeshwa picha ya paspoti yake.
Ilipokatika akacheka kidogo:
Betri iliisha. Sikujua ilishika hata hicho.

Na neno lenyewe?
Akakata uzi kwa meno.
Wewe ulisikia lipi?
Nikaona haya, mtu mzima, fundi wa watu,
nikamwambia.
Hakusema ndiyo, hakusema hapana.
Jembe lilirudi Januari, akasema.
Nimelitia mpini mpya. Wimbo ule siuimbi tena.

Nilikuwa nimekwisha kusimama
aliponitazama kifuani: shati lako, baba.
Kifungo cha tatu hakikuwepo, sijui tangu lini.
Akaingiza mkono ndani ya lulanga,
akachakura kutafuta kinachofanana,
kiganja kikagusa,
na nyuzi mbili zikalia.