Vidole vya Nyirabagenzi

Ofisi yangu iko orofa ya pili, Mtaa wa Ang'awa, Kisumu,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki.
Ngazi inanuka grisi. Wateja hupanda polepole,
bahasha ya kaki kifuani
kama mtu aliyebeba yai.

Miaka kumi na tisa nazifungua bahasha hizo:
kadi ya kliniki iliyoliwa na mende,
risiti ya ada ya shule, darasa la tatu,
barua ya chifu isemayo "namfahamu"
bila kusema anamfahamu nani.

Jumanne alikuja Nyirabagenzi.
Kazaliwa Nandi Hills, kwenye laini za kampuni.
Babake alishushwa na lori la Mzungu,
ametoka Rwanda na kikapu, na jina refu
ambalo karani alilikata katikati.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe walimpa.
Karatasi wakamwambia, kesho.

Tulikwenda pamoja kwa msajili.
Afisa akaushika mkono wake, akaubana kwenye kioo:
gumba, shahada, cha kati.
Mashine ikalia ti, ti.
Akaupangusa kwa kitambaa, akaubana tena.
"Mama, wewe huna alama."
Kweli hana.
Tangu miaka kumi na mmoja anachuma,
majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi,
hadi majani nayo yakamchuma.

Nilitaja kifungu cha sheria.
Nikataja kingine, kwa sauti ya mahakamani.
Afisa alikuwa kijana mpole, alinisikiliza mpaka mwisho,
kisha akaandika kwa kalamu nyekundu: Arudi Septemba.

Usiku huo Migosi umeme ulipotea
nikabaki gizani na la kwangu.
Nyanya yangu aliuvuka Mto Sio kwa miguu,
kutoka upande wa Uganda, akifuata mume,
maji yakimfika magotini, na hakuna aliyemuuliza kitu.
Nami nilipokwenda Busia kuomba kitambulisho,
karani alisikia "Nabwire" akatabasamu:
"Wa kwetu huyu."
Saa tano nilikuwa nyumbani nakoboa mahindi.
Ndiyo kesi pekee niliyoshinda
bila kufungua mdomo,
na sijawahi kumsimulia mteja hata mmoja.

Ijumaa alirudi, ingawa sikumwita.
Aliuliza, "Wakinipa, wataandika nimezaliwa wapi?"
"Nandi Hills."
"Waongeze laini ya saba. Nyumba ya mwisho, karibu na bomba."
Nikasema nitajaribu. Pa kuandikia hapo hapana.

Nilimkorogea chai, sukari mbili.
Alinusa kabla ya kunywa, akageuza kikombe kwenye mwanga,
akanihurumia kidogo.
"Hii ni vumbi, wakili," akasema.
"Ile nzuri husafiri."