Cherehani

Mimi ni mpaka rangi wa kuta. Nimechora
sabuni, saruji, sari za harusi,
na miungu kwa bei nafuu.
Mwaka ule Gokulananda, mwalimu wa hesabu,
alinijia kakumbatia bahasha
kama mgonjwa na cheti chake cha hospitali.
"Tumesajiliwa," akasema. "Sasa tupo."
Nikamuuliza, tupo wapi?
"Daftarini."

Kusajiliwa si kutambuliwa;
hilo nilijifunza brashi ikiwa mkononi.
Aliyesajiliwa ana jina.
Aliyetambuliwa ana jina na picha,
na picha yake hapewi mwingine jimbo zima.
Sisi wengine tuliazima kutoka orodha ya Tume
kama bwana harusi fukara aazimavyo viatu:
uchaguzi ukiisha, rudisha.

Siku hiyo zilibaki filimbi, koliflawa, ndoo, ngazi.
Tukachukua ngazi.
Nilichora mia tatu na kumi, kutoka Titlagarh hadi mtoni,
vidato saba kila moja, kwani mwalimu
alisema watu watahesabu.
Mama Sukanti Bagarti, asiyejua kusoma,
aligusa rangi mbichi, akanusa kidole.
"Ngazi," akasema. "Hii nitaikumbuka."

Ndicho tulichokitaka.
Ndicho kilichotuponza.

Miaka mitano baadaye bahati nasibu iligeuka.
Ngazi ikamwangukia mgombea binafsi,
mkopesha kwa riba, yuleyule
aliyefungia sandukuni hati ya shamba la Sukanti.
Sisi tukapewa cherehani.

Nikapaka chokaa juu ya ngazi zangu zote.
Mvua ikanyesha wiki mbili kabla ya kura,
chokaa ikatiririka,
vidato vikachungulia kimoja kimoja
nyuma ya gurudumu na sindano,
ukadhani kuna mtu anashona ngazi.

Ndani ya kibanda Sukanti alimtafuta rafiki yake wa zamani.
Akamwona. Akabonyeza.
Mashine ikalia, piiii,
naye akatoka anatabasamu, wino kidoleni.
"Nimewapa," akaniambia.
Sikumjibu. Mpaka leo sijamwambia.

Kipimo ni hiki: kura sita katika kila mia,
na viti viwili katika bunge la jimbo.
Viti tulipata viwili.
Kura, tano nukta tisa saba.
Mwalimu alikaa uani na taa ya mafuta
akijumlisha upya vituo vyote, kana kwamba
tarakimu humwonea huruma anayezirudia.
"Haba na haba," akasema, "lakini kibaba cha Tume
kimechorwa mstari."

Nilifikiria vidole. Vingapi kama cha Sukanti?

Safari ya tatu cherehani ikaturudia.
Safari hii sikuanza na ukuta.
Nilibeba kichwani cherehani ya marehemu mke wangu,
ile nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika,
nikaitua barazani kwa Sukanti.
"Ishike," nikamwambia. "Hawa ndio sisi."
Akazungusha gurudumu. Sindano ikashuka, ikapanda.
Wajukuu wakacheka. Majirani wakaja kuzungusha nao,
siku ya pili wakaja na nguo zilizochanika.

Sita nukta nne.

Barua ikafika na mhuri wa buluu.
Cherehani ni yetu, jimbo hili, hakuna wa kuigusa.
Mwalimu aliisoma mara tatu, kisha akaigeuza,
akaandika mgongoni kwa penseli:
nne toa moja, tatu.
Majimbo matatu zaidi, ndipo nchi nzima itujue.
Ana miaka sabini na mmoja.
Akapiga mistari miwili chini ya jibu
kama afanyavyo ubaoni.

Jioni nikapita kwa Sukanti.
Alikuwa anashona gunia la mpunga,
mguu mmoja juu ya kanyagio, uzi mdomoni.
"Uchaguzi umekwisha," akasema bila kuinua uso.
"Nirudishe?"