Dakika Nzima ya Mchele

Ghalib alikuja na udi, nyuzi zimeshakazwa.
Nikamwambia ngoja. Nikaufuta muziki wote.
Ikabaki friji ya jikoni kwetu Mabela, inanguruma,
na mikono ya mama ikichambua mchele kwenye sinia.

Uso sikuuonyesha.
Kamera niliiweka chini, usawa wa goti,
pale nilipokuwa nikikaa nina miaka sita.
Wala sikukata: chuya, kijiwe, chuya,
dakika nzima.

Usiku ule, ukumbini Ruwi,
mtu wa safu ya nyuma aliguna, "Filamu ndiyo hii?"
Bisi zikatafunwa. Kikohozi.
Halafu bisi nazo zikanyamaza,
kiyoyozi na friji vikawa sauti moja,
nikaona vidole vya watu gizani
vinachezacheza mapajani, vinatafuta chuya.

Taa zilipowaka Bi Zuwena alinidaka mlangoni:
"Mamangu umempatia wapi?
Kafa wewe hujazaliwa."
Mchele ule ule; kila mtu kaupika kwake.

Nyuma yake yule wa kuguna, macho mekundu,
anauliza ile pete kidoleni
ilikuwa ya fedha, au?

Mama hana pete.

"Ya fedha," nikamjibu.