Mkanda wa Baba

Tuliteremka na baridi yetu kutoka Isongole,
mimi, baba, na debe la viazi la zawadi.
Ukungu umelala juu ya mashamba ya chai.
Tukuyu mvua inanyesha. Tukuyu hunyesha tu;
mwenye haraka hujifunika mfuko wa mbolea, akapita.

Hekalu la Wajaini liko kilimani, nyuma ya ghala la kahawa,
dogo, jeupe, limenakshiwa mpaka kwapani:
tembo wamebeba nguzo, wachezaji wa mawe
wanakata viuno tangu kabla sijazaliwa,
na dari ni ua ndani ya ua ndani ya ua,
marumaru imekwanguliwa hadi mwanga unapenya
kama kwenye sikio la mtoto.

Bi Manjula alitupokea na ufagio laini,
akiwasogeza sisimizi njiani, kama anayewaomba radhi.
"Viatu," alisema. Tukavua.
"Na mkanda, mzee, kama ni wa ngozi."
Baba akanitazama.
Ng'ombe yule alimjua kwa jina.
Akaufungua, akautundika kwenye mparachichi,
akaingia patakatifu kashika suruali kwa mkono.

Hakuja kusali. Alikuja kutafuta.
Baba yake, fundi Mwambeta, alichonga hapa misimu mitatu
chini ya mafundi wa ng'ambo na michoro yao ya karatasi.
Siku moja, alikuwa akisimulia, njaa ilimzidi,
pa kuchonga yungiyungi akachonga ua la mgomba,
akakaa kimya akisubiri kufukuzwa.
Hakufukuzwa.
Au hawakuona.

Tuliinua shingo mpaka zikauma.
Baba alihesabu nguzo kwa Kinyakyusa,
akapotea, akaanza upya.
"Lile!" Akanyoosha mkono,
mkono ule ule,
na suruali ikashuka.
Bi Manjula akageukia ukutani ghafla,
akapangusa vumbi lisilokuwepo.
Mtakatifu wa jiwe, miguu kaikunja,
hakupepesa jicho.

Mimi niliona yungiyungi lililoinama kidogo.
Sikusema.

Nje, baba akasukuma debe mbele kwa mikono miwili.
Mama yule akafumba viganja, akainama:
"Asante, mzee. Sisi hatuli kinachong'olewa ardhini.
Mle chini wamo wengi tusiowaona."
Baba, aliyechimba viazi miaka arobaini,
akatazama kucha zake, nyeusi pembeni,
akatazama tena.
"Ndizi je?"
"Ndizi, ndiyo."

Tukarudi na debe letu, zito kuliko asubuhi.
Kwenye mparachichi mkanda ulikuwa unalowa.
Baba akaupita kama asiyeuona,
akachuna ukamba kwenye mgomba wa jirani,
akajifunga kiuno, akakaza.
Nikamuuliza.
"Mvua hii," akasema, "twende."