Pamba Gari Litishe

Meneja wa hoteli ya Shangani alinipa nusu ya malipo
na sharti moja: Ijumaa usiku, mama chipsi,
gari lako lije limepambwa, litishe.
Ni Halowini. Wageni wanapenda.
Nikasema sawa, kama mtu aliyeelewa.

Gari lenyewe waliliacha watu wa gesi,
wale waliopita na mitambo yao wakipima ardhi,
wakaondoka hatujashika hata majina.
Lina kitanda ndani, sinki,
vikabati vinavyojifunga kwa sumaku.
Baba alilinunua mnadani mwaka ule wa korosho nzuri,
akalitoboa ubavuni dirisha la kuuzia.
Hakuwahi kukaanga humo hata kiazi kimoja.

Basi nikakaa na mwanangu Mtepa tukaulizana
kitu gani kinatisha.
Yeye akasema fuvu.
Mimi nikasema luku inapolia saa nne ya usiku.
Asumini, anayenimenyea viazi, hakuinua kichwa:
bei ya mnada wa kwanza, akasema,
halafu makato.
Hatukujua makato yanachorwaje.

Tukachana chandarua kuukuu kikawa utando wa buibui
(bwana afya asisikie),
milango tukaipaka masizi ya sufuria.
Boga, Oktoba, mpaka uombe;
shangazi alitoa moja kwa mkataba:
ganda lenu, nyama na mbegu zangu.
Tukaongeza mapapai mabichi matatu, tukayatoboa macho,
utomvu ukatuwasha vidole hadi alfajiri.
Papai moja lilitoka linacheka.
Tukaliacha hivyohivyo.

Nikaenda Chikongola kwa mjomba Nandonde
kuazima kile kilicho darini, ndani ya gunia.
Hakuniacha nimalize.
"Lipiko si pambo. Na wewe mwanamke,
nani kakwambia kipo?"

Nilijua.
Nilikuwa na miaka saba, kijijini, huko juu Newala,
wali wametoka jandoni, ngoma zinagonga mpaka kwenye meno,
likaja lile lenye nywele za watu
na mdomo usiofumbwa.
Wanawake wakakimbia wakipiga kelele, nami nikakimbia,
nikajikwaa, nikaanguka mbele yake.
Kuinua macho sikuweza. Nikatazama chini.
Nikaona kidole gumba cha kushoto
kisicho na ukucha.

Nikanyamaza. Miaka thelathini na moja.
Hata pale Ligula, wodini, siku zake za mwisho,
nilipokuwa nampaka mafuta miguuni,
tulitazamana tu,
na yeye akakikunja kile kidole.

Ijumaa tulitisha kidogo.
Watu walikuja na meno ya plastiki,
wakapiga picha na papai linalocheka,
wakamaliza ndoo tatu za viazi, wakataka pilipili zaidi.
Meneja akasema safi sana,
nusu iliyobaki, Jumatatu.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Saa saba tunarudi, taa moja ya mbele imekufa,
uso wangu bado una unga wa muhogo,
gari likazimika karibu na Chuno.
Mtepa akashika usukani, mimi nikashuka kusukuma.
Kumbe kuna mtoto wa kike katoka nje na kopo la maji.
Alipiga ukelele mmoja, akakaa chini puu,
maji yote yakamwagika.

Nilitaka kumwambia usiogope, mama, ni mimi,
yule wa chipsi pale sokoni.
Lakini usoni hakuniangalia.
Alikuwa anatazama miguu yangu,
ndala moja ya bluu, moja ya kijani,
polepole, kama anayesoma.

Nikaweka kidole mdomoni.

Akatikisa kichwa kukubali,
akaokota kopo lake,
akaingia ndani.