Zamu ya Diwani

Kakangu Shekuwe alikileta kutoka Mombasa,
choo cha kukalia, cheupe, kimefungwa magunia,
kwa basi mpaka Mokowe, kwa boti mpaka gatini,
na kutoka gatini hadi Mkomani juu ya punda
aliyekibeba kama bwana harusi aliyezidiwa na usingizi.
Watoto wa chuoni wakafuata nyuma.
"Kiti cha nani?" "Cha mamake Zuwena!"
Mji mzima ukayajua magoti ya mama yangu.

Mama alikitazama mara moja.
"Mimi," akasema, "sijaketi juu ya haja yangu
tangu nizawe. Sianzi leo."
Akachukua kopo lake, akashika ukuta,
akateremka vidato kumi na vine
mpaka choo cha shimo, chini,
na mimi nyuma yake na taa,
nikihesabu, mdomo nimeufumba.

Kikabaki kule juu, hakina mtu.
Nikamfundisha paka.

Tulimwita Diwani kwa kuwa alikuja mwezi wa kura,
akala, akalala, hakuuliza tena hali ya mtu.
Haja yake aliifanya alipopenda:
kwenye gunia la mchele, kwenye kikapu cha ukili,
na mara moja, Mola atusamehe, kwenye msala wa mama.
Nikamshika shingo nikamwambia:
Diwani, msala ni msala, msalani ni msalani.
Hizo herufi mbili ndizo adabu.

Nilianza na beseni la mchanga karibu na mlango.
Siku ya nne nikalisogeza shubiri moja.
Kisha juu ya matofali, kisha juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kila juma mchanga ukipanda cheo
na yeye akipanda nao, akinitazama
kama mtu anayehamishwa ofisi bila barua.

Likafika chooni. Nikalitoboa tundu la shilingi,
kisha la kikombe cha kahawa, kisha la sahani,
nikipunguza mchanga kijiko kwa kijiko.
Wiki ya tano akateleza.
Sauti iliyotoka humo sijaisikia hata kwenye pungwa.
Akapita mbio, amelowa, akapitia birikani,
akanyakua kisamaki kimoja kati ya vile vitatu
vinavyotulia viluwiluwi vya mbu,
kama fidia,
akahamia darini siku mbili.
Mama alicheka mpaka akajishika ubavu.
"Mwacheni mwana wa watu! Paka na mai, wapi na wapi?"

Sikumwacha. Nilikuwa na dagaa, nilikuwa na subira,
na nilikuwa na jambo jingine nisilolisema.

Ijumaa moja, baada ya adhana ya alfajiri,
nikasikia mchirizi mwembamba.
Nikachungulia. Diwani yuko ukingoni,
miguu minne mahali padogo, macho mbali,
kama anayekumbuka deni.
Alipomaliza akakwaruza kauri, atafuta mchanga wa kufichia,
akakwaruza, akakwaruza, hamna kitu,
akashuka.

Nilipogeuka, mama alikuwa nyuma yangu, kopo mkononi.
Hakusema neno. Akashika ukuta, akazielekea ngazi.
Kumi na vine kwenda, kumi na vine kurudi,
na pumzi katika kila kidato.

Usiku wa mvua ya kwanza ya masika
niliamshwa na mlio wa maji. Maji mengi,
si ya Diwani: Diwani hajui kuvuta maji.
Yeye alikuwa nje ya mlango, amekalia mkia wake,
na ndani mama akimwambia, polepole,
"Subiri, baba. Na mimi nina zamu."

Asubuhi kopo lake lilikuwa juu.
Sikuuliza. Nilimmiminia chai,
na yeye akachukua dagaa mmoja kwenye sahani yangu
akamdondoshea Diwani chini ya meza,
bila kumtazama,
kama mtu anayelipa karo.