Friza ya Tusekile

Umeme ulikatika saa kumi na moja jioni.
Mti umelalia waya huko Katumba, walisema,
na mvua ya Tukuyu, isiyojua kubisha hodi,
ilishafika mezani kabla hatujafunga dirisha.

Tusekile akafungua friza, akaifunga,
akaifungua tena, kama mtu anayechungulia mgonjwa.
Lita nane za aiskrimu:
maziwa ya ng'ombe wa kina Mwakalobo,
vanila ya kichupa, sukari ya mkopo.
Tangu Januari watu wanamcheka,
nani atalamba barafu katika mji wa makoti?

"Basi tuile," akasema. "Isife bure."

Chini ya kaunta palikuwa na kreti ya soda ya tangawizi.

Mara ya kwanza tulikosea.
Tulijaza soda mpaka ukingoni,
tukadondosha donge kama jiwe kisimani,
na povu likapanda, likapanda,
likaruka mdomo wa glasi, likatambaa mezani
hadi kwenye daftari la madeni.
Nilimwona Tusekile akilitazama linavyolowa.
Hakuwa na haraka ya kutafuta kitambaa.

Lugano, aliyeacha kemia kidato cha tatu
lakini kemia haijamwacha, akainua kijiko:
"Humo gesi imebanwa, inatafuta pa kukaa.
Aiskrimu imejaa vipembe vya barafu,
kila kipembe ni kigoda.
Gesi inaketi, inavimba, inanyanyuka,
na mafuta ya maziwa yanaivika koti
isipasuke upesi. Hilo ndilo povu."

"Kumbe huku hata hewa huvaa koti,"
akasema Bibi Anyambilile kutoka gizani.
Hatukujua ameingia saa ngapi.

Ya pili tukaipatia.
Donge kwanza, glasi imelazwa kidogo,
soda ikishuka ukutani taratibu,
kisha unangoja.
Kungoja ndiko kupika kwenyewe.
Povu likitua, unaongeza kidole kimoja,
na donge linang'oka chini, linaelea.

"Linaelea kwa sababu nusu yake ni hewa," Lugano akaanza.
"Hilo," Tusekile akamkata, "usiwaambie wateja."

Wateja gani? Lakini walikuja,
wakifuata mshumaa na kicheko:
fundi cherehani, vijana wawili wa bodaboda wanaochuruzika maji,
mama Subilaga na mtoto mgongoni.
Soda inapogusa donge huliganda juu
ganda jembamba, la kuvunjwa
hata kwa meno mawili ya bibi.
Halafu tangawizi inakuchoma kooni,
maziwa yanakuja nyuma yake kupoza,
kama mtu anayekugombeza
huku anakufunika blanketi.

"Ndaga fijo," bibi alisema kila glasi.
Nilihesabu ndaga nne.

Saa nne usiku taa zikawaka, tukafumba macho.
Friza ikaguruma, tupu kabisa,
ikapoza upepo kwa bidii zote.
Daftari tulilianika karibu na jiko;
ukurasa wa Lugano ulikuwa wingu la buluu.

Tusekile akapanga chupa kwenye kreti.
Ishirini na tatu.
Akahesabu upya, akainama chini ya meza,
akatutazama mmoja mmoja.

Bibi Anyambilile alikuwa mlangoni tayari,
anafunga vifungo vya koti lake polepole,
na koti lilikuwa na shingo mbili.